Wageni wa Aktiki Wako Ruai, na Nauli ni ya Matatu

Hebu nikuulize, ushawahi kuletewa lile tangazo la meli? Umesimama stejini Makongeni, Jogoo Road imefungana, unasogeza simu kwa kidole, halafu paap! Milima ya barafu, dubu mweupe, wazee wa ng'ambo wamevaa majaketi mazito wanapiga picha. Safari ya Aktiki. Bei imeandikwa pale chini kwa herufi ndogo: maelfu ya dola kwa mtu mmoja, na hapo bado hujalipia ndege.

Mimi nilipiga hesabu. Si ati nilikuwa na pesa. Nilikuwa nimeacha chuo kwa sababu ya karo, na mtu akikosa la kufanya hupiga hesabu za watu wengine. Nikajifunza kwamba meli nyingi hung'oa nanga Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini kabisa. Svalbard yenyewe haidai viza kwa mtu yeyote. Poa, sivyo? Shida ni kwamba ndege za kwenda huko hupitia Norway bara, na hapo Mkenya lazima awe na viza ya Schengen. Ada ni yuro 90, na hazirudi hata ukinyimwa.

Nikazima simu. Miezi michache baadaye nikakutana na Aktiki hapa hapa Eastlands. Kwenye maji taka.

Usicheke kwanza. Ruai, kando ya Barabara ya Kangundo, kuna mabwawa makubwa ya kusafishia maji taka. Watu huyaita Mabwawa ya Dandora. Sehemu kubwa ya uchafu unaotoka vyooni na majikoni Nairobi hupelekwa huko. Maji huanzia kwenye mabwawa yenye kina, ambapo bakteria huvunja uchafu, kisha hupita bwawa hadi bwawa, jua na mwani vikiendelea na kazi, mpaka yatoke yakiwa masafi zaidi kuelekea mtoni. Kwenye tope la kingo zake kumejaa wadudu na minyoo. Kwa ndege, hiyo ni hoteli. Ndiyo maana mahali hapa pamo kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya.

Nilienda na kikundi cha watazamaji ndege waliokuwa na ruhusa, nikiwa na darubini ya kuazima. Harufu ipo, sitakudanganya. Soja wa getini alinitazama akaniuliza, "Kijana, umetoka Makongeni kuja kuangalia choo?" Nikakosa jibu.

Nililipata dakika kumi baadaye. Kwenye tope kulikuwa na vindege vya kijivu vikikimbia na kudonoa kama vimechelewa kazini. Waswahili wa Pwani huita ndege wa aina hii vitwitwi. Kile kidogo kabisa vitabu vya Kiingereza hukiita little stint. Kina gramu 20 hadi 30 tu, yaani ni chepesi kuliko mandazi. Kilizaliwa tundra, kule ambako jua la Juni halitui na mbu hujaa kama moshi.

Mwenzake ni mkubwa kidogo, mdomo mrefu umepinda kuelekea chini. Huyo ni curlew sandpiper. Yeye hutaga mayai hasa Aktiki ya Siberia. Kutoka huko mpaka Ruai ni zaidi ya kilomita 8,000, bila meli, bila viza.

Sasa sikiza hii. Wazazi huondoka kwanza. Madume hutangulia, majike hufuata, na makinda huachwa nyuma. Wiki chache baadaye, makinda nayo huruka kuja Afrika, safari ambayo hayajawahi kuiona na bila mzazi wa kuyaonyesha njia. Niliposikia hivyo nilinyamaza kidogo. Wewe kama ulitoka nyumbani na begi moja, unaelewa.

Tena idadi yao inategemea panya! Kule Siberia kuna panya wa baridi waitwao lemingi. Mwaka ambao lemingi ni wengi, mbweha hushiba na kuwaacha makinda. Mwaka ambao ni wachache, mbweha hugeukia viota, na huku kwetu wageni vijana hupungua.

Lakini safari hii inaharibika pande zote mbili. Utafiti uliotoka 2022 ulionyesha Aktiki inapata joto karibu mara nne kuliko wastani wa dunia. Mwaka 2024, curlew sandpiper aliwekwa kwenye kundi la ndege walio hatarini kutoweka. Huko wao hawana la kufanya kuhusu barafu. Huku kwetu, kila tope linalofukiwa ili pajengwe ni sahani moja imeondolewa mezani. Mji unasongea Ruai kila mwaka, wewe mwenyewe unaona maghorofa. Tukizungumza kuhusu ardhi ya maji taka, huwa tunazungumza kama ni ardhi ya bure. Si ya bure. Kuna mtu anaitegemea, ila hana kitambulisho.

Unaweza kuanza bila dola hata moja. Nature Kenya huwa na matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa, na yamekuwepo tangu 1971. Kila Januari kuna hesabu ya ndege wa maji, na watu wa kujitolea huhitajika. Kwa Ruai usiende peke yako. Ni eneo la kazi, ruhusa inatakiwa, na viboko pia wamewahi kuonekana kwenye mabwawa hayo.

Wageni huanza kufika Agosti. Ukiweza, nenda Aprili kabla hawajaondoka. Wakati huo curlew sandpiper huvua ule ukijivu na kifua chake kugeuka chekundu kama tofali, tayari kwa harusi ya Siberia. Amenenepa vizuri kwa ajili ya safari. Amenenepea kwetu, kwa tope letu.

Nikirudi Ruai, yule soja nitamjibu: ndiyo mzee, nimekuja kuangalia choo. Wewe ushawahi kukiangalia?