Mkono wa Mwenzio ni Amana

Nilipofunga safari kwenda Abu Dhabi kutafuta riziki, nilikuwa na azma mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi, nayo wazazi wangu waliijua. Ya pili niliificha moyoni: kujifunza jiujitsu ya Kibrazili mahali penye walimu wa kweli. Hapa Mombasa tulikuwa wawili tu, mimi na shemeji yangu, nduguye mke wangu. Tulijifunza kwa kutazama video katika simu, kisha tukabingirishana juu ya magodoro mawili chumba cha juu, baada ya Isha, hadi mama mkwe apige ukelele kutoka chini kwamba dari itamwangukia. Nilidhani tulichopungukiwa nacho ni mwalimu.

Kwa msomaji asiyeujua, mchezo huu ni mieleka inayopiganwa zaidi chini kuliko wima. Hakuna ngumi wala mateke. Mchezaji humwangusha mwenziwe, pengine kwa ngwala, kisha humdhibiti na kumtia kabali, au kumkunja kiwiko ama bega, hadi akiri kushindwa. Kukiri kwenyewe ni kugonga: unampiga mwenzio makofi mawili matatu mepesi mwilini, au unagonga mkeka, naye wajibu wake ni kuachia papo hapo. Mchezo mzima umesimama juu ya makofi hayo. Kiwiko kilichonyooshwa kupita kiasi hakimngoji mwamuzi, na kabali iliyobana mishipa ya pande zote mbili za shingo humzimisha mtu kwa sekunde chache.

Asili yake ni Japani. Mwaka 1882 Jigoro Kano alianzisha chuo cha judo mjini Tokyo, na katika misingi aliyoisisitiza ni kwamba wafanyao mazoezi wanufaike pamoja. Mwanafunzi wa chuo hicho, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na baadaye akamfundisha kijana wa mji wa Belém aitwaye Carlos Gracie. Carlos alifungua chuo Rio de Janeiro mwaka 1925, na mdogo wake Hélio, mtu wa umbo jembamba, akaunoa ufundi huo ili mnyonge wa mwili apate kumshinda mwenye nguvu.

Hélio huyo ndiye aliyepambana na Mjapani Masahiko Kimura katika uwanja wa Maracanã mwaka 1951. Kimura alimkunja mkono kuelekea mgongoni, Hélio akakataa kugonga, na ni kakaye Carlos aliyeukatiza mpambano. Familia ya Gracie haikuona haya juu ya kushindwa huko, kwani mkunjo ule hadi leo huitwa kimura, kwa jina la mshindi. Nimeutaja kwa sababu mkunjo huohuo una sehemu katika habari yangu.

Wengi huniuliza, Waarabu na mchezo wa Brazili wapi na wapi? Sheikh Tahnoun bin Zayed aliujua alipokuwa Marekani kimasomo, na mwaka 1998 mashindano makubwa ya mieleka ya kukunjana, yajulikanayo kwa herufi ADCC, yakafanyika Abu Dhabi kwa mara ya kwanza. Mwaka 2008 mchezo ukaanza kuingizwa mashuleni, na walimu wa Kibrazili wakamiminika huko. Wazazi nao huniuliza juu ya heshima. Vazi la kimono hufunika mwili kutoka mabegani hadi karibu na vifundo vya miguu. Pale nilipojifunzia, wanawake walikuwa na nyakati zao na mwalimu wao wa kike, na salamu yetu ilikuwa kupeana mikono, bila kuinamiana.

Mwalimu nilimpata, Mbrazili mpole mwenye mshipi mweusi. Alionyesha mbinu kwa robo saa, kisha akatuachia sisi wenyewe kwa wenyewe. Saa nzima iliyosalia ilikuwa mikononi mwa wenzangu, na humo ndimo nilimojifunza karibu kila nilichokijua. Mfilipino mmoja mwembamba, mpishi wa hoteli, alinitoka kila nilipomkamata kama kambare mkononi. Kwake nilijua kwamba nguvu zangu za kupakua makasha bohari hazikuwa ufundi. Bwana mmoja mnene alinilalia kifuani hadi nikajifunza kuvuta pumzi kidogokidogo bila hofu. Hata mgeni wa siku ya kwanza alikuwa na somo, maana hajui anachotakiwa kufanya, hivyo hufanya usilolitarajia. Na wote walikuja wamekata kucha, na kimono zimefuliwa. Mama mwenye mwana katika mchezo huu aliangalie hilo kabla ya jingine lolote, kwani choa huenea mkekani kama uvumi mtaani.

Usiku mmoja nilipangwa na mhandisi wa Kimisri, mtu mzima kunizidi, mwenye mshipi wa zambarau. Alinikamata mkono, akauweka katika kimura. Nilijua nimekwisha. Lakini walikuwapo waliokuwa wakitutazama, nami sikugonga. Niliuma meno. Nikahisi bega likifika pale ambapo hatua moja zaidi lingetoka. Kisha nikaona mkono uko huru. Alikuwa ameniachia mwenyewe. Akaketi, akaniuliza kwa Kiarabu chepesi ili nimfahamu: "Kesho huendi kazini?"

Sikuwa na jibu. Ningevunjika bega, msimamizi wa bohari asingeningoja nipone, na nyumbani Mombasa kulikuwa na karo na kodi ya nyumba. Mtu asiyenijua jina la baba yangu alilikumbuka hilo pale ambapo mimi mwenyewe nililisahau.

Usingizi haukunijia usiku ule, na bega halikuwa sababu. Wiki tatu kabla ya kusafiri nilimtia shemeji yangu mkunjo huohuo, katika chumba kile cha juu. Aligonga. Nilimsikia vizuri. Sikuachia mara moja, kwa kuwa siku zote nilikuwa nimetamani kuona mbinu ile ikikamilika, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunikubali. Kitu kililia ndani ya bega lake. Yeye ni seremala, na mkono ule ndio ushikao randa. Alikaa wiki nyingi bila kazi, watoto wakila kwa mama mkwe. Nilimwambia mchezo ni mchezo, nikapanda ndege. Hata yeye hakumweleza mtu. Mke wangu aliambiwa kaka yake aliteleza ngazini.

Nilimpigia simu asubuhi kabla ya zamu. Nikamwambia, "Shemeji, nilikusikia ukigonga." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Najua ulinisikia." Akaniuliza hali ya joto la huko, tukaagana.

Mkataba ulipokwisha nilirudi na mshipi wa buluu na kimono mbili, moja ya kipimo chake. Kabla ya kuifungua nilimweleza mke wangu ukweli wa ile ngazi, naye hakusema nami siku mbili. Fedha za zile wiki alizokosa kazi nilimpelekea shemeji karakanani. Alizihesabu mbele yangu, akarudisha mia mbili akisema zimezidi.

Kimono aliipokea baadaye, baada ya mwezi hivi. Sasa tunafanya mazoezi usiku wa Jumatatu na Alhamisi, na vijana wanne wa mtaani wamejiunga. Mkono wake wa kulia haufiki juu kama zamani, hivyo upande huo hatuugusi, na kila kijana anayeingia huambiwa hivyo kabla hajavua viatu. Akigonga, huachia hata kabla ya kofi la pili. Yeye ndiye anayewafundisha kugonga. Mimi nafundisha mengine.