Ashukaye majini ili wengine wapate kuishi

Wengi wenu mmekwisha kuiona helikopta, ile ndege isiyo na mabawa, yenye panga kubwa zinazozunguka juu yake. Yaweza kusimama angani pahali pamoja kama kipanga anayevizia vifaranga. Ndiyo sababu, tangu ilipoanza kutumika, watu walitumaini kwamba itawaokoa wenye kuzama baharini. Na kweli, tarehe 29 Novemba 1945, karibu na pwani ya Connecticut katika Marekani, helikopta iliwavuta juu kwa kamba watu 2 waliokuwa katika tishari lililopigwa na mawimbi. Wote walioona walistaajabu.

Lakini watu wale wawili walikuwa bado na nguvu za kusimama na kushika kamba. Je, mtu asiyeweza hata kunyosha mkono, nani atamfunga kamba? Marekani ilijifunza jibu kwa msiba mkubwa.

Usiku wa tarehe 12 Februari 1983

Meli iitwayo Marine Electric ilikuwa ikipita mbele ya pwani ya Virginia, imejaa makaa ya mawe. Ilikuwa meli nzee, iliyoundwa mwaka 1944, na vifuniko vya ghala zake vilikuwa vimeliwa na kutu. Tufani ilikuwa kali, na maji yakazidi kuingia. Karibu na saa 10 za usiku meli ikapinduka, na watu wake 34 wakatupwa baharini. Ilikuwa wakati wa baridi kali, na maji yale yalikuwa na nyuzi 4 hivi tu za joto.

Helikopta ya askari walinzi wa pwani ilipofika, zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita. Ikashusha kikapu cha chuma karibu na watu wale. Ole wao! Baridi ilikuwa imekwisha kukaza viungo vyao. Kikapu kilikuwa mbele yao, nao hawakuweza kukipanda. Walinzi wale hawakuwa na mtu aliyefundishwa kuingia majini. Basi, ikaitwa helikopta ya jeshi la maji, kwa maana ndani yake alikuwamo mwogeleaji mwokozi. Jina lake James McCann.

McCann alishuka katika giza na mawimbi. Aliogelea toka mtu hata mtu, akijaribu kuwatayarisha wavutwe juu, mpaka baridi ikamwishia nguvu yeye mwenyewe. Hakukosa uhodari, ni wakati uliokosekana. Wengi aliowafikia walikuwa wamekwisha kufa. Katika watu 34 walipona 3 tu. Mmoja wao, Robert Cusick, msaidizi wa kwanza wa nahodha, alikuwa ameingia katika mashua iliyojaa maji, akawa anaimba wimbo wa mabaharia kwa sauti kuu asikate tamaa.

Vifo vya wale 31 havikusahauliwa. Ukaguzi wa meli kuukuu ulikazwa, na mabaharia wa bahari za baridi wakapewa mavazi ya kuwakinga na maji. Tena, mwaka 1984, bunge la Marekani liliwaamuru walinzi wa pwani wawe na waogeleaji wao wenyewe. Nao wakaenda kufundishwa wapi? Kwa wale waliokuwa na ujuzi, yaani katika shule ya jeshi la maji, mjini Pensacola katika Florida.

Kazi inavyofundishwa

Wahenga husema: «Mzoea kupiga mbizi nchi kavu huchunuka usoni.» Huko Pensacola hakuna mbizi ya nchi kavu. Mwanafunzi huogelea mwendo mrefu, huvuta mwenziwe majini, hujifunza kukata kamba za mwavuli zilizomzonga rubani. Hujifunza pia jambo moja gumu kuliko yote: mtu anayezama humshika mwokozi wake kwa nguvu za hofu na kumdidimiza. Hivyo lazima mwokozi ajue kujinasua bila hasira, kisha amgeuze yule mtu na kumshika kwa nyuma.

Ukali wa shule hiyo uliwahi kupita mpaka. Mwaka 1988 kijana wa miaka 19 alikufa katika bwawa lake, baada ya kuomba aachwe na kulazimishwa kurudi majini. Wakufunzi walishtakiwa mbele ya baraza la kijeshi. Ikawekwa kanuni kwamba mwanafunzi akiomba mazoezi yasimame, yasimame mara moja. Kwa maana shule ya kuokoa maisha haina haki ya kuyapoteza.

Aliyefaulu haketi kungoja ajali tu. Katika helikopta yeye huendesha winchi, huhudumia wagonjwa, hutumia mitambo ya kutafuta nyambizi, na wakati wa vita hushika bunduki. Ndege zinaporuka kutoka meli kubwa ya kubebea ndege, helikopta huzunguka karibu, naye amekwisha kuvaa vazi lake la mpira, miwani ya maji na viatu vyenye umbo la mguu wa bata. Rubani akianguka, yeye huruka au hushushwa kwa kamba.

Mwanamke wa kwanza

Kati ya walinzi wa pwani waliofaulu Pensacola alikuwamo Kelly Mogk, mwaka 1986, mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo kwao. Mwezi Januari 1989 rubani wa ndege ya vita alianguka baharini mbele ya Oregon. Mogk alimkuta amezongwa na kamba za mwavuli wake, ameumia, anaganda kwa baridi. Alifanya kazi majini mpaka akamfungua. Rubani alipovutwa juu, hali yake ilikuwa mbaya. Kila dakika ilikuwa na thamani. Basi, helikopta ikamkimbiza hospitali, naye Mogk akabaki peke yake katika bahari ile ya baridi, akingoja helikopta nyingine imfuate.

Neno la waogeleaji hao ni hili: «Ili wengine wapate kuishi.» Ni rahisi kuliandika ukutani. McCann na Mogk walilitimiza majini.

Ninyi vijana mnaosoma, huenda hamtaruka kamwe kutoka helikopta. Lakini katika kila shida chombo kizuri chaweza kufika, kikaning'inia karibu kabisa na mwenye taabu, kisimfae kitu, mpaka atokee mtu wa kushuka alipo. Na mtu huyo hawezi kuanza kujifunza siku ile ya msiba. Jifunzeni leo kuogelea, jifunzeni kumhudumia aliyeumia, ili mtakapoitwa msije mkasimama ufukoni na kutazama.