Kabla ya Kumwita Yatima

Kumlea yatima kuna thawabu kubwa, hilo halina mjadala. Lakini je, ni yatima kweli?

Oktoba 2007, huko Abéché nchini Chad, watu wa shirika moja la Kifaransa walikamatwa wakitaka kuwasafirisha kwa ndege watoto 103, wakidai ni mayatima wa Darfur. Ikabainika kuwa wengi ni watoto wa Chad, na wazazi wao wako hai. Baadhi ya wazazi waliambiwa tu kwamba watoto wanapelekwa skuli.

Mkataba wa Hague wa 1993 unataka mtoto atafutiwe malezi kwao kwanza, na ridhaa ya wazazi isinunuliwe kwa pesa. Kwa hilo hatupingani nao. Sisi tunazidisha nasaba: Suratul Ahzab, aya ya 5, inaamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Karatasi ya mahakama haibadilishi damu wala haileti mirathi, ingawa unaweza kumuusia mtoto uliyemlea hadi thuluthi ya mali yako. Hii ndiyo kafala, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja kwa jina.

Basi jamaa wa ng'ambo akija kutaka mtoto, muulizeni: mama yake yuko wapi, na karatasi aliyotia saini alisomewa kwa lugha anayoifahamu?