Kipimo cha Mafuta ya Mashua na Kioo cha Tarakimu

Nchi ya Singida si nchi ya mabaharia, lakini si nchi isiyo na maji ya kuvukwa. Karibu na mji yako maziwa ya Singidani na Kindai, na upande wa Iramba liko ziwa Kitangiri, ambalo mto Wembere huingia ndani yake, na mto Sibiti hutoka humo kwenda ziwa Eyasi. Tangu zamani wavuvi wa Kitangiri wametumia mitumbwi na makasia. Tena wako vijana wetu waendao Mwanza kutafuta kazi katika ziwa Viktoria, na huko hukutana na mashua za injini. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za kipimo cha mafuta, na jinsi kinavyofungwa kwenye kioo cha tarakimu cha injini za siku hizi.

Mtu apigaye kasia hana haja ya kipimo. Mikono yake humwambia kwamba imechoka, naye hugeuza mtumbwi mapema. Injini haina desturi hiyo. Hunguruma vile vile tangi likiwa limejaa na likiwa limebakiwa na bakuli moja tu, kisha huzimika ghafula, na hapo upepo ndio huwa nahodha. Basi mwenye mashua hutazama kioo, naye akiona kimeandikwa kwamba nusu ya mafuta ipo, huendelea na safari yake bila hofu. Je, kioo hicho kimejuaje? Na je, chaweza kusema uwongo? Hayo mawili ndiyo tutakayoyajibu.

Neno la kwanza la kushika ni hili: kioo hakioni mafuta. Hakijui petroli wala dizeli, wala hakijui tangi ni kubwa au dogo. Kinachokiona ni umeme kidogo tu upitao katika waya. Mengine yote hukisiwa kwa hesabu, na hesabu hiyo ni mtu aliyemfundisha. Akifundishwa vibaya, atasema vibaya, tena kwa tarakimu nzuri zinazong'aa.

Chombo cha ndani ya tangi

Juu ya tangi hufungwa chombo ambacho mafundi hukiita sensa. Sensa ya namna ya kawaida ina boya dogo lielealo juu ya mafuta, nalo limeshikwa na mkono wa chuma. Mafuta yakizidi boya hupanda, na yakipungua hushuka. Mkono huo, ukienda juu na chini, husogeza ulimi mdogo juu ya waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita katika sehemu ndefu ya waya huo hupata taabu kubwa ya kupita, na ukipita katika sehemu fupi hupata taabu ndogo. Taabu hiyo huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu, jina lililotokana na Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyeandika kanuni yake katika mwaka 1827.

Iko na namna ya pili ya sensa, iliyo kama bomba lililosimama wima, na boya lenye sumaku hupanda na kushuka juu yake. Umbo ni lingine, lakini kazi ni ile ile, yaani kugeuza kimo cha mafuta kiwe ukinzani wa umeme.

Kabila mbili za sensa

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea njia, kwa hiyo twaomba msomaji asome polepole. Sensa zinazouzwa sana ni za kabila mbili. Zile za kawaida ya Marekani zina omu 240 tangi likiwa tupu, na omu 33 likiwa limejaa. Zile za kawaida ya Ulaya zina omu kama 10 tangi likiwa tupu, na omu kama 180 likiwa limejaa. Angalieni vema: moja hushuka mafuta yakizidi, na ya pili hupanda. Zimepeana migongo.

Sasa mtu akinunua sensa ya Marekani na kuifunga kwenye kioo kilichopangwa kwa kawaida ya Ulaya, itakuwaje? Tangi likijaa, sensa hutoa omu 33. Kioo, kikihesabu kutoka 10 mpaka 180, huona kwamba 33 ni karibu sana na mwanzo, nacho huandika kwamba imebaki kama sehemu moja katika saba. Mafuta yakiisha kabisa, sensa hutoa omu 240, nazo zimepita 180, basi kioo huandika kwamba tangi limejaa. Mwenye mashua atafurahi kwa kuona mafuta yake hayapungui, bali yazidi kwa kadiri aendavyo. Furaha hiyo itakwisha katikati ya ziwa.

Iko hatari nyingine ya namna hiyo hiyo. Waya wa sensa ukikatika, ukinzani huwa mkubwa usio na mwisho. Katika kipimo cha sindano cha kawaida ya Marekani sindano huanguka kwenye tupu, na mtu hushtuka mapema, akatafuta sababu. Lakini katika kile cha Ulaya sindano hupanda kwenye kujaa, na mtu hashtuki. Vioo vingine vya siku hizi hutambua jambo hilo na kuandika vistari badala ya tarakimu, lakini si vyote. Kwa hiyo mwenye chombo na ajue chake ni cha kabila gani, na waya ukikatika kitasema nini.

Jinsi kioo kinavyohesabu

Walimu waweza kulitumia jambo hili katika somo la hesabu. Kioo cha tarakimu, au kisanduku kidogo kilichofungwa kati yake na sensa, hupeleka mkondo mdogo wa umeme katika sensa, kisha hupima volti. Tuseme mkondo huo ni ampea 0.01. Kwa kanuni ya Ohm, volti ni ampea mara omu. Basi omu 33 zitatoa volti 0.33, na omu 240 zitatoa volti 2.4. Kutoka kwenye volti kioo hupata omu, na kutoka kwenye omu hupata sehemu ya mafuta.

Lakini mwanafunzi asidhani kwamba nusu ya mafuta ni katikati ya 240 na 33. Katikati yake ni kama 136, na sensa ya Marekani hutoa kama 103 boya likiwa nusu ya safari yake. Ndiyo sababu haitoshi kukiambia kioo mwanzo na mwisho tu. Yapasa kijue na katikati.

Jambo la kushangaza zaidi ni umbo la tangi. Boya hupima kimo, halipimi wingi. Tangi la mraba likijaa nusu ya kimo chake, lina nusu ya mafuta. Lakini mashua nyingi zina sakafu iliyochongoka chini, na tangi lake hufuata umbo hilo. Tangi lililochongoka chini kabisa, mfano wa pembe tatu iliyogeuzwa, likijaa nusu ya kimo lina robo tu ya mafuta. Likiwa tangi la lita 60, kioo kisichofundishwa kitasema lita 30, na ndani zimo 15. Mtu aliyekusudia kwenda kwa lita 15 na kurudi kwa 15 nyingine, amekwisha kupoteza njia yake ya kurudi kabla hajaondoka ufukoni.

Utaratibu wa kazi

Kwanza kabisa ni usalama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hushuka na kulala sakafuni mwa mashua, wala hauonekani. Cheche moja yatosha kuulipua. Kwa hiyo fungueni vifuniko vyote, acheni upepo upite, watu wasivute tumbaku, na waya wa hasi wa betri utolewe kabla ya kugusa kitu chochote. Tena mtu asithubutu kuigusisha sensa na waya wa betri ati aijaribu. Sensa haikufanywa kwa nguvu hizo. Itaungua, na tangi li karibu.

Pili, ipimeni sensa kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye omu, nyaya zake zikiwa zimefunguliwa. Likisheni boya mpaka chini, mwandike omu. Lipandisheni mpaka juu, mwandike tena. Tarakimu hizo mbili zitawaambia sensa ni ya kabila gani, wala msitegemee maneno ya muuzaji. Mkono uende taratibu, na tarakimu zibadilike bila kuruka.

Tatu, hakikisheni kwamba urefu wa sensa walingana na kina cha tangi, ili boya lisigonge sakafu wala kuta. Sensa nyingi hufungwa kwa skrubu 5, na matundu yake hayakupangwa sawasawa, makusudi ikae kwa upande mmoja tu. Chini yake huwekwa mpira wa kuzuia mvuke usitoke.

Nne, fungeni nyaya. Sensa ina sehemu mbili za kufungia: moja ya hasi, na moja ya kupeleka habari. Ya hasi na ipate waya wake safi, kwani hasi iliyooza kwa kutu huongeza omu, na kioo hudhani ni habari za mafuta. Ikiwa kioo kina mahali pake pa kupokea sensa, waya wa habari huenda huko moja kwa moja. Kama hakina, hutumiwa kisanduku cha kutafsiri, ambacho hupokea omu na kuzigeuza ziwe habari za tarakimu.

Habari hizo husafiri katika njia moja ya nyaya iliyounganisha injini, kioo na vipimo vyote. Kanuni ijulikanayo sana kwa vyombo vya majini ni ile iitwayo NMEA 2000, nayo imejengwa juu ya CAN, utaratibu uliotolewa na kampuni ya Bosch mwaka 1986. Katika kila mwisho wa njia hiyo huwekwa kizuizi cha omu 120. Fundi atakaye kujua kama njia ni nzima azime umeme wote, kisha apime kati ya nyaya mbili za habari. Akipata kama omu 60, vizuizi vyote viwili vipo. Akipata 120, kimoja kimekosekana. Tena njia hiyo ipate umeme wake kupitia fyuzi.

Tano, kama mashua ilikuwa na kipimo cha zamani cha sindano, msikiache kimefungwa pamoja na kisanduku juu ya sensa moja, isipokuwa kisanduku kimefanywa kwa kazi hiyo. Sindano nayo hupeleka umeme wake katika sensa, na wawili wakimwuliza mtu mmoja kwa wakati mmoja, hakuna apataye jibu la kweli.

Sita, kifundisheni kioo. Kiambieni mafuta ni ya namna gani, tangi ni la lita ngapi, na sensa ni ya kabila gani. Yakiwa matangi mawili, kila moja lipewe namba yake. Kisha, mashua ikiwa imekaa sawa majini na tangi likiwa tupu, mimineni mafuta kwa kipimo kijulikanacho, lita 10 kwa 10, na kila mara mwandike kioo kinasema nini na kweli ni nini. Vioo na visanduku vingi hukubali kusahihishwa hatua kwa hatua. Kama chenu hakikubali, karatasi hiyo ibandikwe karibu na usukani. Kazi hiyo ni ya nusu siku, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote tulizozitaja.

Habari za mashine ya maji

Msomaji aishiye mbali na ziwa asiseme kwamba maneno haya hayamhusu. Katika vijiji vya nchi kavu kama yetu, mahali ambapo maji hutolewa kisimani kwa mashine ya dizeli, pengine mashine hiyo nayo huwa na kioo cha tarakimu na sensa katika tangi lake, kwa kanuni hizi hizi. Dizeli ikiisha kabisa, hewa huingia katika mabomba ya mafuta, na mashine haiwaki mpaka fundi aje kuitoa. Siku hiyo akina mama hungoja na ndoo zao, na ng'ombe hurudi na kiu. Kamati ya maji inayonunua sensa mpya na ikumbuke kuuliza omu zake kabla ya kutoa fedha ya watu.

Mwisho twasema hivi. Kioo kikiwa kimefungwa vema na kufundishwa vema ni msaada mkubwa, wala hatuwashauri watu wakidharau. Lakini kila asubuhi kabla ya safari, kifungueni kifuniko cha tangi na kutia kijiti kikavu cha mti kilichotiwa alama, mlinganishe na kioo. Vikipatana, nendeni, visipopatana, kiaminini kijiti. Na mafuta yagawanywe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na moja la upepo usiotazamiwa. Tangi la lita 60, basi, ni lita 20 tu za kwenda. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Na kipimo kiongopacho hufupisha njia ya wote waliomo katika chombo.