Kusomea hoteli na utalii ukitokea Manyovu: Mambo ya kujua kabla ya kulipa ada

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mazungumzo katika nyumba nyingi za Manyovu huwa yale yale: mtoto aende wapi? Kijana ana D nne. Hazimfikishi kidato cha tano, na mzazi anapiga hesabu ya kahawa, maharage na mbuzi waliopo zizini.

Kozi ya hoteli na utalii hutajwa mapema kwa sababu inasikika vizuri. Lakini mbuzi akishauzwa na ada ikalipwa, kurudi nyuma ni shida. Ni vizuri familia ijue kozi hiyo inafundisha nini, inasomewa wapi na kazi yenyewe iko wapi.

Milango ni mitatu

Mlango wa kwanza ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi huviita FDC. Vilianza mwaka 1975 na nchi nzima vipo 54. Kwa watu wa Manyovu, cha Kasulu ni kimoja kati ya vilivyo karibu. Hata aliyeishia darasa la saba hupokelewa. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, wasichana walioacha shule kwa ujauzito nao wamepata nafasi ya kurudi kusoma. Ila kozi hazifanani chuo kwa chuo. Kimoja kina mapishi, kingine kina ushonaji na ufundi magari tu. Ni lazima kuuliza.

Mlango wa pili ni VETA, ambako mafunzo ya ufundi huenda kwa ngazi, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu. VETA ina chuo chake maalum cha hoteli na utalii kilichopo Njiro, Arusha.

Mlango wa tatu ni Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Kuanza ngazi ya cheti, mwombaji anatakiwa awe amefaulu angalau masomo manne kidato cha nne, bila kuhesabu ya dini. Kwa hiyo D nne zile zile zinaweza kumwingiza.

Hoteli si utalii, utalii si hoteli

Hapa wengi hukosea. Kozi ya hoteli ina kazi kubwa nne: jikoni, kuhudumia chakula na vinywaji, usafi wa vyumba, na mapokezi. Mwanafunzi hufundishwa kwa nini ubao wa kukatia nyama mbichi usikate kachumbari, jinsi ya kutandika kitanda kikakaza, na namna ya kumjibu mgeni aliyekasirika bila kukasirika naye.

Kuongoza watalii ni kozi nyingine. Huko anajifunza wanyama, ndege, miti, historia na njia za hifadhini. Anayeota kuwaonyesha wageni sokwe wa Gombe asijikute amejiandikisha mapishi.

Kazi iko wapi?

Soko kubwa liko Arusha na Zanzibar, hilo linajulikana. Kigoma nayo ina majina makubwa. Gombe ndiko Jane Goodall alikoanza utafiti wa sokwe mwaka 1960. Mahale iko kusini zaidi, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Ujiji ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871.

Lakini Gombe ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 52 hivi, na hufikiwa kwa boti. Wageni wa sokwe huenda kwa vikundi vidogo. Kusoma kwa kutegemea hifadhi peke yake ni kubahatisha.

Mgeni wa kila siku wa ukanda huu ni mwingine kabisa. Ni dereva wa lori, mfanyabiashara aliyevuka mpaka kutoka Burundi, mtumishi aliyekuja kikazi, au mfanyakazi wa shirika. Wanalala gesti za Kasulu, Kibondo na Kigoma mjini. Wanataka shuka safi, maji ya moto, risiti na chakula kwa wakati. Mwenye gesti akipata kijana anayeyaweza hayo manne, wageni wanarudi, na kijana ana cha kujivunia anapoomba kazi kubwa zaidi.

Lugha ni mtaji

Kijana wa Manyovu ana kitu ambacho wa mbali hana. Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, kwa hiyo anaelewana na mgeni wa ng'ambo ya mpaka bila mkalimani. Akiongeza Kiingereza cha kazi, na Kifaransa kidogo ambacho Warundi wengi waliosoma wanakijua, mapokezi yoyote ya Kigoma yatamhitaji. Na anayejua kahawa tangu shambani ana la kumsimulia mgeni anapomwekea kikombe mezani.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET, na kozi yenyewe nayo inatambuliwa? Jengo zuri si usajili.

2. Gharama yote ni kiasi gani? Ada ni mwanzo tu. Kuna sare, vifaa vya jikoni, hosteli na nauli.

3. Jiko la mafunzo lipo? Mapishi hayasomwi ubaoni.

4. Fildi anatafuta nani, chuo au mwanafunzi? Wakati wa fildi atakula na kulala wapi? Wengi hupata kazi ya kwanza pale pale walipofanyia fildi, kwa hiyo swali hili ni zito.

5. Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Omba namba za wawili, uwapigie mwenyewe.

Chuo kinachojibu yote matano bila kuzunguka kinastahili kufikiriwa. Kisichojibu, mzazi apande gari aende akakione kwa macho yake. Nauli hiyo ni ndogo kuliko ada ya mwaka mzima kwenye chuo kisicho na jiko.