Matairi ya Pikipiki Kuukuu ya Safari

Mapema mwaka huu alinijia ofisini ofisa mteule mmoja, mtu mzima aliyebakiwa na miezi michache tu kabla ya kukabidhi vifaa vya serikali na kustaafu. Alipiga saluti, akaketi, kisha akaeleza shida yake ambayo haikuwa ya kiofisi hata kidogo. Alikuwa amenunua kwa raia mmoja pikipiki ya aina ya BMW R 80 RT, ya mwaka 1983, ile yenye kinga kubwa ya mbele ya kumzuilia mwendeshaji upepo na mvua. Nia yake ilikuwa kwamba siku ya kustaafu ampakie mama watoto nyuma, aondoke Kampala juu ya chombo chake mwenyewe, na afike kwao Mbarara, mwendo wa kilomita zipatazo 270.

"Afande Kapteni," akasema, "injini ni nzima kabisa. Limebaki jambo la matairi tu. La nyuma limekwisha, na kijana mmoja ameniletea jingine, pana na zuri, kwa bei ya huruma. Anaapa kuwa ni la R 80 RT hii hii. La mbele nitaliacha, maana mifereji yake bado ina kina."

"Mzee," nikamjibu, "kabla hujampa huyo kijana fedha, twende kwanza tukaitazame pikipiki yenyewe."

Kambini wanajua kwamba mimi nina maradhi ya pikipiki kuukuu, ndiyo maana maswali ya namna hii huniangukia. Aidha, si mzee huyu peke yake. Wako wanajeshi na askari polisi wengi ambao, baada ya miaka ya kuendesha pikipiki za kazi, hutamani kuwa na moja kubwa ya safari iliyotengenezwa zamani kwa ufundi wa kudumu. Pikipiki hizo hudumu kweli. Injini ya R 80 ina silinda mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, ujazo wake ni sentimita za ujazo 797, nguvu zake farasi 50, na badala ya mnyororo ina shafti. Chuma hicho kikitunzwa huweza kuishi kuliko aliyekinunua. Lakini mpira haudumu kama chuma, na hapo ndipo wengi wetu hudanganyika.

Nilipiga goti mbele ya gurudumu la mbele, nikafuta vumbi kwa leso. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, zikifuatiwa na maandishi mengine, na mwisho kabisa, ndani ya kijisanduku, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu za mzee zilikuwa 1409. Maana yake tairi lilitoka kiwandani katika wiki ya 14 ya mwaka 2009. Mifereji ilikuwa na kina kama alivyosema, lakini nilipoukunja mpira kidogo kwa kidole gumba zilionekana nyufa nyembamba kama za udongo uliokosa mvua, na ukucha wangu haukuacha alama yoyote.

Yafaa ieleweke kwamba mpira wa tairi huzeeka hata ukiwa umeegeshwa. Joto, jua na hewa huufanya uwe mkavu na mgumu, na mpira mgumu haushiki barabara iliyolowa. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na litolewe likifika miaka 10 hata kama linaonekana zima. Pikipiki kuukuu ya safari ina hatari zaidi hapa, kwa sababu mara nyingi mwenyewe huitumia mara chache. Mifereji haiishi, naye hufurahi kwamba ametunza.

Nasema haya nikiwa na kovu gotini. Mwaka 2013, nikiwa luteni, nilinunua pikipiki ya zamani ambayo matairi yake yalikuwa na mifereji kama mapya. Jumapili moja nilikuwa natoka Jinja kurudi Kampala. Katika msitu wa Mabira ilikuwa imenyesha mvua nyepesi, ile ambayo haioshi barabara bali huilowesha tu, na malori ya miwa yalikuwa yamedondosha matope karibu na Lugazi. Sikuwa katika mwendo wa kasi. Niligusa breki ya mbele kama nilivyofundishwa, na gurudumu likateleza kana kwamba nimekanyaga ganda la ndizi. Nilishukuru Mungu kwamba gari lililokuwa nyuma yangu liliendeshwa na mtu makini, na kwamba sikuwa nimempakia mtu. Nilipopona nilikwenda kulisoma tairi. Nilikuta tarakimu tatu tu, si nne. Namba za tarakimu tatu zilitumika kabla ya mwaka 2000. Nilikuwa nimeweka uhai wangu juu ya mpira uliotengenezwa nilipokuwa bado mtoto wa shule.

Mzee alisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Basi la mbele limekwenda. Lakini la nyuma, afande, hili ni jipya."

Tairi la kijana lilikuwa jipya kweli, tarakimu zake zilikuwa za mwaka uliopita. Lilikuwa limeandikwa 120/90-18. Tena kijana hakusema uongo: hilo ni tairi la R 80 RT. Tatizo ni kwamba ziko R 80 RT mbili. Ile ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, gurudumu lake la nyuma hushikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja kila upande, na matairi yake ni 3.25-19 mbele na 4.00-18 nyuma. Kwa pikipiki za mwaka 1985 kiwanda kilibadili umbo: gurudumu la nyuma likashikwa na mkono mmoja tu upande wa shafti, na matairi yakawa 90/90-18 mbele na 120/90-18 nyuma. Jina limebaki lile lile, lakini magurudumu ni mengine.

Askari yeyote ataelewa jambo hili upesi. Risasi ya AK-47 ni ya milimita 7.62, na risasi ya bunduki ya rashasha ya PKM pia ni ya milimita 7.62. Hata hivyo hakuna kuruta, hata awe mzembe namna gani, atakayejaribu kuilisha moja kwa chakula cha nyingine zaidi ya mara moja. Namba moja ikifanana haitoshi. Katika tairi, 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo tairi la kijana lingeingia kwenye rimu ya mzee bila kelele. Lakini 120 ni upana kwa milimita, nao ni mkubwa kuliko nafasi ambayo kiwanda kiliiacha kati ya mikono miwili ya ile pikipiki ya zamani. Ama lingegusa chuma, ama lingebakiza nafasi ambayo mpira ukipata joto na kuvimba, au jiwe dogo likinasa, ingekwisha. Zaidi ya hayo, tairi pana likifungwa kwenye rimu nyembamba hubanwa mabavu, uso wake ukachongoka, na pikipiki hukataa kulala vizuri kwenye kona. Upana si nguvu. Hilo ni tamaa ya macho tu.

Tukalisoma lile la nyuma lililokwisha, ambalo angalau saizi yake ilikuwa sahihi: 4.00-18 64H. Hiyo 64 ni namba ya mzigo, maana yake tairi laweza kubeba kilo 280. La mbele liliandikwa 54, yaani kilo 212. Herufi H ni ya mwendo, kilomita 210 kwa saa. S ni 180, na P ni 150. Mzee alicheka, akauliza ni nani atakayekwenda 210 kati ya Lukaya na Masaka. Jibu ni kwamba hakuna, na atakayejaribu atakutana na polisi wa usalama barabarani, ambao nao ni wasomaji wetu. Lakini herufi hiyo hueleza pia jinsi tairi lilivyoumbwa kustahimili joto, na joto hutokana na mzigo, na jua, na saa nyingi za kwenda bila kupumzika. Mtu na mkewe na mizigo yao, adhuhuri, kwenye lami: hapo H ina kazi. Kamwe usishuke chini ya herufi na namba zilizoandikwa katika kitabu cha pikipiki.

Kuhusu aina, pikipiki hizi ziliundwa kwa matairi ambayo nyuzi zake hupishana mshazari. Matairi ya rediali yalifika kwenye pikipiki katika miaka ya 1980 na ni mazuri kwa fremu zilizoundwa kwa ajili yake. Kuweka moja la rediali na moja la mshazari ni kuifanya sehemu ya mbele na ya nyuma zipokee amri tofauti. Nunua mawili ya jamii moja, kwa wakati mmoja, kwa mtengenezaji mmoja. Saizi za zamani bado zinatengenezwa. Bridgestone wana BT-46, iliyochukua nafasi ya BT-45 mwaka 2020, na Michelin wana Road Classic. Huenda ukalazimika kuagiza na kungoja. Ngoja.

Mzee aliuliza pia kuhusu matairi yenye meno makubwa, kwa sababu kutoka lami hadi nyumbani kwake kuna kipande cha murramu. Nilimshauri asiyachukue. Kilomita 270 za lami zisitawaliwe na kipande cha mwisho. Huko apunguze mwendo na asimame kwenye vikanyagio akiona mashimo.

Liko jambo moja lililotaka kutuponyoka. Rimu za pikipiki yake, ingawa ni za kuyeyushwa na hazina spoki, zilitengenezwa kwa matairi yenye mpira wa ndani. Tairi likiwa limeandikwa TUBELESS halibadilishi rimu. Mpira wa ndani hauna budi kuwekwa, tena uwe mpya na wa saizi yake, kwa kuwa wa zamani uliokwisha kutanuka hukunjika ndani ya tairi jipya na kujitoboa wenyewe.

Matairi yalifika baada ya wiki tano. Tuliyafunga chini ya mwembe, mzee, mimi na fundi wa karakana katika siku yake ya mapumziko. Mshale ubavuni ulielekezwa upande gurudumu linakozungukia, doa la rangi likawekwa karibu na valvu, na kingo zikapakwa maji ya sabuni. Upepo tulijaza asubuhi kabla ya jua kuchoma, kwa kipimo cha kitabu, kile cha watu wawili. Fundi alitaka kuongeza kidogo "kwa usalama", mzee akamkatalia. Kisha alikwenda peke yake hadi Mpigi na kurudi mara mbili, polepole na bila kulaza pikipiki, kwa sababu tairi jipya huteleza mpaka uso wake ukwanguke.

Alistaafu siku ya Ijumaa na kuondoka Jumamosi alfajiri. Saa nane na nusu mchana alinipigia simu kutoka Mbarara. Mvua iliwakuta baada ya Kayabwe, akasema, na mama watoto alilala usingizi begani mwake mpaka Masaka.

Lile tairi la mbele la mwaka 2009 aliniachia. Vijana wawili walikwisha kuja kuliulizia, wakisema mifereji yake bado mizuri. Nimelikata kwa msumeno.