Juu ya Kuchanjwa, na Hiari ya Mtu

Wasikilizaji wangu, jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya neno lililoleta ugomvi katika nyumba nyingi, nalo ni hili: mtu akikataa kuchanjwa, hasara yake ni ya nani? Sitaanza na mambo ya vitabu. Nitaanza na Terrat, pembeni mwa Jiji la Arusha, mahali ambapo mtu akiinua macho auona Mlima Meru, na akiyashusha aona ng'ombe wa jirani yake.

Jumapili moja mwishoni mwa mwezi wa Agosti, mwaka 2021, nilikuwa mgeni katika boma moja huko. Nikawakuta ndugu wawili wa tumbo moja wakishindana uani kwa mama yao. Mkubwa alikuwa amechanjwa chanjo ya korona juma lile. Mdogo alikuwa amekataa. Mkubwa alisimama mlangoni akasema, “Mdogo wangu, humu hupiti. Yeyo ni mzee. Kachanjwe kwanza, ndipo uje kumsalimu.”

Mdogo hakupaza sauti, maana si desturi kumfokea aliyekutangulia kuzaliwa, walakini hakurudi nyuma. “Kaka, nakuheshimu. Lakini mwili huu ni wangu. Serikali yenyewe imesema ni hiari. Nikiugua, nitaugua mimi.”

“Ndama wako wote wana hereni za chanjo masikioni,” akasema mkubwa. “Ng'ombe umewachanja, wewe mwenyewe umekataa!”

“Ndama nimeona kwa macho yangu. Zamani walikufa wengi zizini. Tangu nilipoanza kuwachanja wamesalimika. Nami nililipa fedha yangu, hakuna aliyenishika mkono. Hii ya watu ni nani aliyenionyesha?”

Nilipokuwa nikirudi nyumbani, neno lile la ndama halikunitoka moyoni. Niliona ya kuwa ndugu wale wamegusa shina la shauri bila kujua, na kwa njia hiyo ya ndama nitajaribu kulieleza.

Lakini kwanza tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa mwaka ule. Tarehe 27 Januari 2021, Rais John Magufuli, akisema na watu huko Chato, alizitilia shaka chanjo za korona kutoka ng'ambo, akaionya Wizara ya Afya isikimbilie kuzipokea. Alifariki dunia tarehe 17 Machi. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyemfuata, aliunda kamati ya wataalamu wamshauri. Tarehe 24 Julai zikafika Dar es Salaam dozi 1,058,400 za chanjo iitwayo Janssen, na tarehe 28 Julai Rais akachanjwa mbele ya watu wote, Ikulu. Alitangaza kwamba kuchanjwa ni kwa hiari, na kila aliyekwenda alitia sahihi karatasi ya kukubali. Waziri wa Afya, Dkt. Dorothy Gwajima, akawahimiza watu waende. Askofu Josephat Gwajima, Mbunge wa Kawe, akaipinga chanjo madhabahuni. Jina moja, maneno mawili! Basi ni ajabu gani ikiwa mtu wa kijijini, aliyesikia hivi mwezi wa Januari na vile mwezi wa Julai, alisimama njia panda akisubiri? Mimi siwezi kumwita mjinga. Aliyebadilishiwa neno mara mbili katika mwaka mmoja ana haki ya kuuliza.

Sasa turudi zizini. Wafugaji wa Terrat wamejua magonjwa mawili makubwa ya ng'ombe, na magonjwa hayo hayafanani katika jambo moja lililo kubwa kwetu leo.

La kwanza ni ndigana kali. Huletwa na kupe. Chanjo yake ni ya namna ya pekee: ndama hutiwa vidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo hupigwa sindano ya dawa ya kuvizuia, ili augue kidogo tu, kisha mwili wake uvikumbuke siku zote. Wafugaji wengi wa kaskazini ya Tanzania wameipenda na kuilipia. Lakini angalia: ndama wako aliyechanjwa hamkingi ndama wa jirani. Vidudu vyaweza kubaki katika damu yake, kupe wakavinyonya na kuvipeleka kwa mwingine. Kila ndama hukingwa kwa chanjo yake mwenyewe. Asiyechanja, hasara kubwa ni ya zizi lake.

La pili ni sotoka. Wazee wetu waliisimulia kwa machozi, kwani ilipoingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, iliwaua ng'ombe karibu wote wa Wamaasai, na njaa ikafuata, na ndui pia. Sotoka haikungoja kupe. Ilipita kwa pumzi, kwa mate, kwa kunywa maji mahali pamoja. Ng'ombe mmoja mgonjwa akifika mtoni, maboma yote yanayonywesha hapo yamo hatarini. Chanjo yake iliyo bora ilitengenezwa na daktari wa mifugo, Walter Plowright, pamoja na wenzake huko Muguga, Kenya, katika miaka ya 1950. Ng'ombe walipochanjwa wengi kwa pamoja, ugonjwa ulikosa mahali pa kupita, ukafa wenyewe kama moto uliokosa nyasi. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani pote. Hata yule mfugaji ambaye ng'ombe wake walikosa kuchanjwa amepona nayo leo, kwa kazi ya wengine.

Basi ukiniuliza, “Je, kuchanja ng'ombe ni shauri langu mwenyewe?” nami nitakuuliza, “Wa ndigana au wa sotoka?”

Ndivyo ilivyo kwa wanadamu. Pepopunda huingia kwa jeraha lililochafuka, au kwa kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe mchafu. Haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Mtu mzima akikataa chanjo ya pepopunda ajihatarisha mwenyewe, ila mama mjamzito, ambaye chanjo yake humkinga na mtoto aliye tumboni. Lakini surua ni kama sotoka. Na wataalamu wasema virusi vya magonjwa haya mawili ni ndugu kwa asili. Mgonjwa wa surua akitoka chumbani, virusi vyaweza kubaki hewani hata muda wa saa mbili. Mgonjwa mmoja, akikaa na watu wasio na kinga, aweza kuambukiza kumi na wawili hata kumi na wanane. Kwa hiyo ili surua ikose njia, yapasa watu kama 95 katika kila 100 wawe na kinga.

Hapa ndipo penye uzito. Katika Tanzania mtoto huchanjwa surua afikapo miezi tisa, na tena afikapo miezi kumi na minane. Je, yule wa miezi mitano? Hajakataa, wala hajakubali. Siku yake haijafika tu. Kinga anayoweza kuwa nayo yatoka kwa mama yake, nayo hupungua siku kwa siku; iliyobaki ni ya watu wanaomzunguka. Vivyo hivyo wako waliochanjwa na chanjo isiwashike vizuri, na wako wagonjwa ambao daktari amewakataza. Jirani asemapo, “Mwanangu simchanji, ni hiari yangu,” neno lake lapita juu ya ukuta na kuingia katika nyumba ya mtoto yule.

Msidhani ugomvi huu ulizaliwa kwetu. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1853 iliamuru kila mtoto achanjwe ndui, na baadaye wazazi waliokataa walitozwa faini mara kwa mara. Wengine wakauziwa vyombo vyao, wengine wakafungwa. Wala hofu yao haikuwa upuuzi mtupu. Siku zile chanjo ilitolewa katika mkono wa mtoto mmoja na kutiwa katika mkono wa mwingine, na pengine magonjwa mengine, hata kaswende, yalipita pamoja nayo. Mwezi wa Machi 1885 maelfu ya watu waliandamana katika mji wa Leicester kuipinga sheria hiyo. Mwaka 1898 sheria ikabadilishwa: njia ile ya mkono kwa mkono ikakomeshwa, ikatumiwa chanjo iliyotoka kwa ndama, na mzazi ambaye dhamiri yake ilikataa akaruhusiwa kusema hivyo mbele ya hakimu na kupewa hati.

Katika habari hiyo ya Leicester liko jambo ambalo watu hulisahau. Mji ule uliokataa kulazimishwa haukusema, “Kila mtu na lake.” Ulijiwekea amri nyingine: ndui ikionekana, habari ipelekwe upesi, mgonjwa atengwe hospitali, na waliokaa naye wazuiwe kutoka mpaka ijulikane kama ni wazima. Yaani walikataa sindano, lakini hawakukataa deni kwa jirani. Walilipa deni lile kwa njia nyingine, nayo ilikuwa njia ya gharama. Wako wengi leo wanaodai hiari ya Leicester bila kutaka karantini ya Leicester.

Na mfano mwingine ni wa karibu zaidi, katika pwani ya Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977, katika mji wa Merca, kijana mpishi wa hospitali, jina lake Ali Maow Maalin, alipanda gari kwa dakika chache awaonyeshe njia watu waliokuwa wakiwapeleka watoto wawili wagonjwa wa ndui. Alifanya kazi hospitali, lakini chanjo alikuwa ameikwepa, kwa kuogopa maumivu. Akaambukizwa. Wote waliomkaribia wakatafutwa, na watu zaidi ya elfu hamsini katika mji na kandokando wakachanjwa kwa muda wa majuma mawili hivi. Akapona, wala hakumwambukiza mtu. Ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida. Na tarehe 8 Mei 1980 ulimwengu ukatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Maalin mwenyewe alitumia miaka yake ya baadaye akienda nyumba kwa nyumba kuwashawishi wazazi wa Somalia wakubali chanjo ya polio. Aliwasimulia habari zake mwenyewe, wala hakuwatukana. Akafariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Haya, na korona je? Ni ndigana au sotoka? Hapa yapasa kusema kweli, hata kama kweli haimfurahishi mtu wa upande wowote. Korona hupita kwa pumzi kama sotoka. Lakini chanjo zake hazikufunga njia kama chanjo ya surua ifungavyo. Hapo mwanzo zilipunguza maambukizo. Kisha nguvu hiyo ikafifia, hasa ilipotokea aina ya virusi iitwayo Omikroni, mwezi wa Novemba 2021. Kilichodumu zaidi ni kumkinga aliyechanjwa asizidiwe na asife. Na madhara hayakukosekana kabisa: chanjo ya Janssen ilileta ugonjwa wa damu kuganda kwa watu wachache mno, wa kuhesabika katika kila milioni. Kwa mtu mzee, hatari ya korona yenyewe ilikuwa kubwa kupita hiyo kwa mbali.

Tukipima hivyo, kila mmoja wa ndugu wale alikuwa na neno la kweli na neno la kosa. Mkubwa alikosea alipodhani sindano yake imemfanya msafi wa kuingia kwa mama apendavyo, hata akikohoa. Maana aliyechanjwa naye aliweza kuleta ugonjwa. Mdogo alikosea aliposema, “Nitaugua mimi.” Mtu akizidiwa, ni nani ambebaye mpaka hospitali? Mtungi wa oksijeni aliotumia yeye, ni nani aliyeukosa? Na ng'ombe wauzwao kulipa gharama, je, ni wake peke yake?

Kuhusu kulazimisha, mimi naona Serikali yetu ilifanya vema kuliacha jambo la korona katika hiari, kwa sababu ile ile niliyoitaja: faida kubwa ilikuwa ya mchanjwa mwenyewe. Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Mwezi wa Novemba 2021 ilitangazwa huko kwamba wasiochanjwa hawatahudumiwa katika ofisi za Serikali kuanzia tarehe 21 Desemba. Kabla ya siku hiyo Mahakama Kuu ikaisimamisha amri. Lakini kwa surua nisingesema hivyo hivyo. Mtoto wa miezi mitano hana mahakama.

Mtauliza mambo yaliishaje pale Terrat. Mama mwenyewe, aliyekuwa ndani akisikia yote, alitoka na kigoda chake akaketi katikati. Akamwuliza mkubwa, “Hiyo dawa uliyochanjwa, mimi mzee yanifaa?” Mkubwa akasema, “Ndiyo, Yeyo, wewe kuliko sisi.” “Basi mbona mwapigania mlango, wala hapana aliyenipeleka?” Wote wawili wakanyamaza. Jumanne iliyofuata mdogo ndiye aliyempeleka zahanati kwa pikipiki, kwa kuwa mkubwa alikuwa kazini mjini. Alimngoja nje, chini ya mti. Hakuchanjwa siku ile. Mama akaweka sharti moja kwa wanawe wote: yeyote mwenye kikohozi au homa, aliyechanjwa na asiyechanjwa, amsalimu kutoka uani.

Mwezi wa Desemba nikaonana na mdogo mnadani. Akaniambia ya kuwa amekwisha kuchanjwa. Nikamwuliza ni nini kilichomgeuza. Akasema, “Mwalimu, nilimtazama mama miezi mitatu.” Kisha akaenda kuwaangalia ng'ombe wake.